Joto la Upande wa Pili

Jumatatu, 26 Mei

Baridi imeingia bila hodi. Asubuhi nimeidondosha springi ya saa ya mwalimu, nikaiokota, nikaidondosha tena, na mara ya mwisho ikapotea kabisa. Nimetambaa chini ya meza na tochi mdomoni mpaka nikaikuta imenasa kwenye soksi yangu. Vidole havinisikii tena. Fundi saa asiye na vidole atawauzia watu nini, hadithi?

Mwenzangu amepiga simu mchana. Mjukuu ameota jino. Nikamuuliza anarudi lini, akacheka. “Nirudi kwenye jokofu hilo? Acha kwanza baridi ipite.”

Nikasema sawa.

Alipoondoka kwenda kumsaidia binti yetu kulea, alisema ni wiki chache tu. Mtoto hakuwa amezaliwa bado. Sasa ana jino.

Ijumaa, 30 Mei

Dobi wa mtaa wa chini anafunga duka. Nilipita kumwachia saa yake, nikakuta anauza kila kitu: meza, kamba, mabeseni, hata kengele ya mlangoni. Na lile jiko la makaa ya mawe alilokuwa akipashia pasi zake, jeusi, pana, limesimama pembeni kwa miguu minne kama mnyama aliyekataa kuondoka.

“Chukua hili, Fundi,” akaniambia. “Limepasha pasi za mji mzima. Hata suti yako ya harusi limeipita.”

“Suti ya harusi niliazima.”

“Basi limeipita ya huyo aliyekuazima.”

Nikaweka kiganja juu ya bamba lake la chuma. Lilikuwa baridi kama kila kitu siku hizi. Lakini kichwani nikamwona Mwenzangu anafungua mlango wetu, mzigo begani, tayari kulalamika, halafu joto linampiga usoni na maneno yanamwishia mdomoni. Sijawahi kumwona akiishiwa maneno. Nikalichukua.

Simwambii. Nataka alikute linawaka.

Jumapili, 1 Juni

Jiko limeletwa kwa mkokoteni. Wachukuzi wanne, na wote wakanilaani kwa adabu. Kwenye kizingiti likakwama. Mmoja akashauri tung’oe mlango, mwingine akashauri tuhame nyumba. Tukang’oa mlango.

Sasa liko sebuleni, limeupa mgongo ukuta wa kati. Nyumba yetu ilikuwa moja zamani, baadaye ikagawanywa pande mbili, na ndani ya ukuta huo imebaki dohani ya matofali, njia ya moshi ya wenye nyumba wa kwanza. Upande wetu tundu lake lilizibwa kwa ubao. Upande wa pili anakaa Bi Karani.

Bi Karani ni mama wa makamo yaliyokwisha pita, alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Hatusemezani. Yeye na Mwenzangu waligombana juu ya mfereji wa paa lake uliokuwa ukimwaga maji kwenye nguo zetu, maneno yakawa makubwa kuliko maji, na tangu hapo tukikutana getini kila mtu anaangalia viatu vyake. Mimi sikuwemo kwenye ugomvi. Nilifuata upande wangu, basi.

Ila namsikia. Ukuta ule hauna siri. Kila asubuhi anafungua redio na kubishana na msomaji wa habari. “Uongo!” “Nani kakwambia?” “Rudia tena nisikie!” Siku nyingine hiyo ndiyo sauti pekee ya mtu ninayoisikia mpaka jioni.

Jumanne, 3 Juni

Kutu. Burashi ya waya. Kutu tena. Napiga chafya nyekundu.

Alhamisi, 5 Juni

Fundi wa mabati amekuja kunifungia bomba. Mji mzima wanamwita Mapengo, naye huitika bila kinyongo. Ni mtu anayeongea huku misumari iko mdomoni, kwa hiyo humwelewi mpaka amalize kazi.

Tumebadilisha wavu wa chuma wa ndani, ule wa kubeba makaa, kwa sababu wa zamani ulikuwa umeliwa katikati. Ufa wa ubavuni tumeuziba kwa udongo wa tanuri. Kilango cha hewa cha chini kilikuwa kimeganda, tukakitia mafuta, tukakigonga, tukakibembeleza, hatimaye kikakubali. Mapengo akakata bomba, akalikunja kiwiko, akaung’oa ule ubao wa ukutani na kuingiza kichwa kizima kwenye dohani. Akatoka na masizi hadi kwenye nyusi.

“Naona mwanga juu,” akasema. “Iko wazi.” Kisha akagonga matofali kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. “Na upande wa pili vipi? Dohani ni moja. Inabidi nikaangalie kule kama kuna tundu.”

“Upande wa pili hatuzungumzi nao.”

“Mimi nazungumza nao. Nagonga mlango, naingia, natoka.”

“Atadhani nimekutuma. Endelea tu, Mapengo.”

Akanitazama, akairudisha misumari mdomoni, akaendelea.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeliwasha.

Isidhaniwe ni kazi ya kuwasha kiberiti tu. Karatasi iliwaka vizuri, vijiti vikawaka vizuri, nikamwaga makaa kwa furaha na moto ukafa papo hapo. Nikarudia. Safari hii moshi wote ukanirudia sebuleni, nikatoka nje nikikohoa, macho yakinitoka machozi, na muuza duka wa mkabala akanipigia kelele kutoka kaunta yake: “Fundi, unaoka nini?”

Mara ya tatu nikafuata maneno ya dobi. Kwanza pasha dohani kwa gazeti moja lililowashwa, ili hewa ya baridi iliyokaa humo ipande. Halafu vijiti vikavu, moto mdogo, mrefu, bila haraka. Makaa mawili matatu kwa mkono, si kwa sepetu. Funga mlango, fungua kilango cha chini, kaa chini, usichokonoe. “Jiko hili halipendi mtu mwenye wasiwasi,” aliniambia.

Nikakaa chini. Chuma kikaanza kunuka rangi ya zamani na vumbi, nikafungua dirisha. Kikaanza kulia, tik, tik, kinavyotanuka. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu. Halafu nikaona kwenye kitundu cha mlango makaa yamegeuka rangi kwa ndani, bila ndimi wala kelele, na joto likanijia kwenye magoti, likapanda kifuani, likanikuta usoni.

Nikanyoosha vidole. Vikanyooka vyote kumi.

Nimesogeza kiti cha Mwenzangu karibu na jiko. Changu nimekiacha mezani.

Jumapili, 8 Juni

Nimefungua saa ambazo zilikuwa zimelala tangu Aprili. Zote zinatembea. Chumba kinasema kwa sauti nyingi, na hakuna hata moja inayoniuliza nimekula nini.

Jumanne, 10 Juni

Jioni, ukutani: ko, ko, ko. Bi Karani na fimbo yake. Nikasimama katikati ya chumba kama mtoto aliyefumaniwa. Nini tena? Moshi? Kelele za sepetu? Nyundo zangu za mchana?

Akagonga tena. Ko, ko, ko.

Damu ikanipanda. Nikachukua chuma cha kuchochea moto na mimi nikagonga, kwa nguvu, mara tatu. Akanyamaza. Nimeshinda, nikajiambia, na nikala chakula changu cha usiku nikiwa mshindi, peke yangu, nimesimama.

Alhamisi, 12 Juni

Mwenzangu kwenye simu. Huenda akaja mwisho wa mwezi, kama binti atabadilishiwa zamu kazini. “Huko hali ya hewa ikoje?” akauliza.

“Ya kawaida.”

“Unavaa sweta?”

“Navaa.”

Nilikuwa nimevaa fulana, nimetoka jasho. Nilijikaza nisicheke. Baada ya simu nikaenda kuongeza makaa mengine.

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu. Hakuna upepo kabisa. Moshi unatoka juu ya paa na kulala pale pale kama blanketi. Bi Karani leo amebishana na redio mara moja tu, tena kwa uvivu.

Jumatatu, 16 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliamka, nikachochea, nikaongeza makaa, nikaweka birika juu. Ukungu ule ule. Nikakaa mezani, nikaifungua saa ya ukutani ya muuza duka, na nikiwa katikati ya kazi nikahisi kuna kitu kimepungua, kama mtu anayejipapasa mifukoni bila kujua amepoteza nini. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa kule upande wa pili. Nilisikia kila neno. Hakuna aliyembishia msomaji.

Nikajiambia, mtu ana haki ya kunyamaza. Nikainamia saa. Msomaji akasema kuanzia wiki hii maji hayatakatika tena kwenye mitaa yetu.

Kimya.

Hapo ndipo niliposimama. Hakuna siku Bi Karani angeliacha neno kama lile lipite.

Nikatoka, nikabisha mlango wake. Nikaita, “Bi Karani! Mama!” Nikazunguka nyuma, dirisha la chumba lina pazia zito. Nikagonga kioo. Redio ikaendelea kusoma habari za michezo. Nikarudi nikachukua kile chuma cha kuchochea, nikavunja kioo cha jikoni kwake, nikaingiza mkono, nikafungua. Sikufikiria kwamba ni nyumba ya mtu.

Chumba chake kilikuwa na joto. Hilo ndilo la kwanza nililoligundua, kabla sijaelewa kwa nini. Yeye hana jiko la makaa. Kitanda alikuwa amekisogeza kikabanana na ukuta wa kati, ukuta wangu, na yeye mwenyewe amelala amejikunyata mgongo ukiwa umegusa matofali. Uso wake ulikuwa mwekundu wa ajabu, kama mtu mwenye afya nyingi mno. Nikamtikisa. Kichwa kikaenda na kurudi.

Nikavuta blanketi pamoja naye ndani yake. Si mtu mzito, lakini mimi nami si kijana, na kichwa kilianza kunizunguka pale pale. Nilimburuta kupitia jikoni, juu ya vioo, mpaka uani, nikamlaza kwenye ukungu, nikapiga kelele. Sijapiga kelele hivyo tangu nizaliwe. Muuza duka akaja mbio na aproni yake, hakuuliza kitu, akarudi kuleta gari.

Njiani nilikuwa nyuma ya gari, kichwa chake kimelala mapajani mwangu. Mwanamke ambaye sijamwambia hata “habari za asubuhi” kwa muda wote huo. Nilikuwa namwambia, “Uongo, Bi Karani, wanasema maji hayatakatika, sema uongo, sema.” Mara kifua chake kikapanda kwa nguvu, akakohoa.

Hospitalini wakamvalisha kifuniko cha hewa. Daktari akanigeukia. “Anatumia moto gani nyumbani?”

“Yeye hatumii,” nikasema. “Mimi natumia.”

Jumanne, 17 Juni

Jana nilipotoka hospitali nilichota makaa yote yakiwa bado mekundu, nikayatoa nje kwa ndoo ya bati, nikayamwagia maji. Leo Mapengo amekuja, tumeingia upande wa pili pamoja. Nyuma ya kitanda, chini ya karatasi ya ukutani yenye maua, tumekuta tundu la jiko la zamani, pana kama sahani, limezibwa kwa kadibodi. Kadibodi! Hewa yote mbaya iliyokosa upepo wa kuipandisha ilikuwa inaingilia hapo.

Mapengo alikaa chini sakafuni. Hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

“Nilikuuliza,” akasema.

“Uliniuliza.”

“Sikupaswa kukusikiliza. Mimi ndiye fundi. Sikupaswa kukusikiliza hata kidogo.”

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu mtu. Nikakuta hakuna nafasi, kila mmoja wetu ameshajichukulia lawama yote.

Jumatano, 18 Juni

Mwana wa Bi Karani amefika, anaendesha lori masafa marefu. Jitu la mabega. Alisimama mlangoni pangu, akalitazama jiko, akanitazama mimi.

“Mzee, ulitaka kumuua mama yangu kwa sababu ya mfereji?”

“Hapana, mwanangu.”

“Lakini ulijua kuna mtu kule.”

“Nilijua.”

“Sasa?”

Ningepiga magoti kama ingesaidia. Akasema anamchukua mama yake kwake akishatoka hospitali, na kwamba akisikia harufu ya makaa tena kwenye nyumba hii atalivunja jiko kwa mikono yake. Namwamini.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi.

Jumapili, 22 Juni

Mwenzangu kwenye simu. Zamu za binti hazijabadilishwa, mwisho wa mwezi haiwezekani. Nikasema sawa. Akauliza, “Jirani yako mkorofi hajambo?”

“Hajambo.”

Sijui kwa nini sikumwambia. Labda kwa sababu ningeanza na jiko, na jiko lilikuwa lake.

Jumanne, 24 Juni

Upande wa pili kimya kabisa. Nilidhani nimeshazoea kukaa peke yangu. Kumbe sikuwahi kukaa peke yangu.

Jumapili, 29 Juni

Mvua ya baridi. Springi nyingine imepotea, haikuwa kwenye soksi.

Jumamosi, 5 Julai

Bi Karani amerudi.

Nilisikia gari la mwanawe, nikasikia mabishano, na yeye ndiye aliyekuwa akishinda. Nikakaa kitini nikijiuliza nifanye nini, na kabla sijaamua mlango wangu ukagongwa kwa fimbo. Nikafungua. Amepungua, shingo imekuwa nyembamba, lakini macho ni yale yale ya mahakamani.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba. Nimeingoja sana hiyo.” Akaingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye kiti cha Mwenzangu, akalitazama jiko jeusi. “Kumbe ni hili. Nilidhani umeweka tanuri la mkate.”

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeitunga kwa wiki nzima, ina mwanzo na mwisho. Akainua kiganja kunizuia.

“Ngoja. Kwanza nijibu. Ile jioni nilipogonga ukuta, ulidhani nini?”

“Nilidhani unalalamika.”

“Nilalamikie nini? Miaka yote hiyo ule ukuta unanipa unyevu na mende. Siku moja naupapasa, una joto! Nikasogeza kitanda. Nikalala kama mtoto. Nikasema, watu wale si wabaya kiasi hicho, ngoja nishukuru. Nikagonga.” Akatikisa kichwa. “Na wewe ukanijibu. Nikasema, amesikia, ananiambia karibu.”

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimekishika kile chuma, nimekaza taya, nikimgongea ukuta mwanamke anayenishukuru.

“Sikusema karibu,” nikamwambia. “Nilikuwa nakutukana.”

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji, akanywa, akacheka tena.

“Bora hukugonga wazi zaidi,” akasema. “Ningekosa siku nzuri kama zile.”

Jumanne, 8 Julai

Mapengo amekuja asubuhi bila kuitwa, amebeba bomba jipya refu begani. Ameziba dohani pande zote mbili kwa matofali na saruji, ameiua kabisa. Bomba sasa linatoka kwenye jiko moja kwa moja, linapita juu ya dari na paa, halina uhusiano na ukuta wa mtu. Kila kiungo alikishikia kiberiti kilichowaka tukaona moto unalala upande gani. Kisha akaenda upande wa pili na kukagua kila pembe, na Bi Karani akimfuata nyuma na maswali. Mwanawe naye alikuwepo, mikono kifuani. Mapengo alipomaliza, lile jitu likapanda paani lenyewe, likatikisa bomba, likashuka.

“Washa,” akaniambia. “Nitakaa hapa kutwa. Na dirisha libaki na upenyo.”

Nikawasha. Alikaa. Saa za mchana akasinzia pale pale kitini kwa joto, mdomo wazi.

Alhamisi, 10 Julai

Bi Karani anakuja kila siku baada ya habari. Anafuma, ananisimulia kesi za zamani bila majina, ananikosoa ninavyoshika sepetu. Leo amesema, “Mkeo alikuwa na haki kuhusu mfereji. Usimwambie nimesema.”

Jumapili, 13 Julai

Simu ilikuja Bi Karani akiwa hapa. Mwenzangu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Binti amepandishwa cheo, kazi imezidi, hakuna wa kumwamini na mtoto. Atabaki huko mpaka mwaka uishe. Labda na zaidi.

“Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Kwa hiyo unasemaje?”

“Sawa,” nikasema.

“Haya,” akasema. Tukaagana.

Makaa yakashuka ndani ya jiko. Bi Karani aliacha kufuma.

“Sawa ya nini?”

“Sawa tu.”

“Nimekaa mahakamani miaka mingi, baba. Nimesikia watu wakisema sawa huku wanapelekwa jela. Nimeusikiliza ukuta wako pia. Unapokea simu, unasema sawa, halafu unatembea chumbani mpaka taa zizimwe. Mwanamke atajuaje? Yeye anasikia sawa.”

Nikamwambia si desturi yangu kulia lia. Nikamwonyesha jiko. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu, kwamba lilikuwa la kumrudisha.

“Na anajua kama lipo?”

“Hapana.”

“Mungu wangu,” akasema Bi Karani, akakusanya uzi wake na kwenda kwake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepiga mimi. Si kawaida, kwa hiyo akapokea kwa hofu. “Kuna nini? Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Nyumba imeungua?”

“Hapana. Jana nilisema sawa. Si sawa.”

Nikamsikia mtoto akigonga kitu kwenye sakafu.

“Si sawa vipi?” akauliza, polepole.

Basi nikamweleza yote: jiko, kiti chake nilichokisogeza, tundu, Bi Karani kwenye blanketi, vioo. Sijawahi kuongea mfululizo hivyo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, “Ungekufa na wewe, na mimi nikiwa huku nakuuliza sweta.”

“Ndiyo.”

“Siwezi kuondoka hapa. Unaelewa? Natamani, lakini siwezi.”

“Naelewa. Nakuja mimi.”

“Na kazi yako?”

“Vifaa vyangu vinaingia kwenye mkoba mmoja. Huko watu hawana saa?”

“Wanazo,” akasema. “Zote zinakosea.”

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudisha saa za watu. Nimetoa majivu, nimesugua wavu, nimepaka chuma mafuta. Ufunguo nimempa Bi Karani, pamoja na makaa yote yaliyobaki. Atakuwa anakuja kuwasha na kukaa. Nimemfundisha: gazeti kwanza, vijiti, makaa kwa mkono, usichokonoe. Akaniambia alikuwa akiwasha majiko kabla sijazaliwa, nitoke mbele yake. Kisha akanishika mkono kwa muda kidogo zaidi ya lazima.

Jumapili, 20 Julai

Nimesafiri kutwa ya jana na leo. Mji wa binti ni wa joto, koti nimelibeba mkononi kama mgeni asiyejua anakokwenda.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ndani ya basi. Nilikuwa na utani kuhusu jokofu, na mwingine kuhusu jino. Mlango ukafunguliwa na Mwenzangu mwenyewe, mtoto kiunoni, nywele hazijachanwa, ana mikunjo chini ya macho ambayo siijui. Sikuwa nimefikiria kwamba na yeye angekuwa amechoka.

“Umekonda,” akasema. “Ulikuwa unakula nini?”

“Mkate.”

“Na nini?”

“Na mkate.”

Mtoto akaninyooshea mkono, akanishika pua, akaing’ang’ania. Utani wote ukanitoka. Nikiwa bado kizingitini, mkoba mkononi, pua imeshikwa, nikasema, “Nilikuwa mpweke.”

Alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akanipokonya mkoba.

“Hata mimi,” akasema. “Ingia, funga mlango, mtoto anapigwa na upepo.”